Nafasi Nyuma ya Mgongo

Nilikuwa na shangazi wawili, na nyumbani tuliwaita Mkubwa na Mdogo. Mkubwa alipiga picha za filamu, Mdogo aliigiza. Haya yaliwapata kabla sijaanza shule. Mkubwa aliyasimulia mara moja tu, mgongo wake ukiwa umeegemea ukuta.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Jumatatu, saa tatu asubuhi, chumba cha ghorofani chenye dirisha moja. Mdogo alitakiwa akae kitini, asome barua, kisha atazame nje. Basi. Mkubwa alivuta pazia nusu, akashusha taa ndogo hadi usawa wa uso wa mdogo wake, ili kila jicho lipate nukta moja ya mwanga. Alikuwa na msemo wake: bila nukta hiyo, macho ya mtu kwenye picha ni ya samaki wa juzi, ukiiweka, mtazamaji anaapa kwamba machozi yako njiani.

Na kweli, filamu yao ya kwanza ilikuwa imeuacha ukumbi mzima ukilia. Ila sifa zote zilimwendea mwenye macho. Aliyeyawasha hakuna aliyemjua. Wiki moja kabla ya Jumatatu hiyo walikuwa dukani, na mwuza vitambaa akatoka nyuma ya meza kumkumbatia Mdogo.

"Mwanangu, wewe umezaliwa na huzuni machoni!" Kisha akamgeukia Mkubwa na kumtupia mfuko. "Na wewe dada wa kazi, mbebee mwenzio. Umesimama tu kama nguzo."

Mdogo alicheka mpaka akashika tumbo. "Dada, umesikia? Nguzo!"

Mkubwa naye alicheka. Kicheko kilimkwama kooni kama mfupa, na hadi Jumatatu kilikuwa hakijashuka.

Kila mpiga picha anaijua kanuni hii. Mtu akitazama kushoto, mwachie nafasi kushoto, mbele ya macho yake. Mtazamaji atatulia, atatazama kule anakotazama yeye. Lakini ukimbana mbele, ukaacha nafasi tupu nyuma ya mgongo wake, mtazamaji hatulii. Hautazami tena uso. Anapatazama pale patupu, anangoja kitu kije.

Mkubwa akaisogeza kamera upana wa vidole vinne. Hakumtakia mdogo wake baya. Alitaka tu kwamba, safari hii, watu wasimtazame Mdogo.

Mwongozaji, mzee mwenye mazoea ya kutafuna njiti za kiberiti, akaja kuchungulia. "Mbona umembana binti wa watu? Huko nyuma unamwekea nani kiti?"

"Ngoja uone."

"Haya. Fundi ni wewe."

Filamu nzima akaipiga hivyo. Mdogo jikoni, Mdogo ngazini, Mdogo kitandani. Na kila mara, nyuma yake, nafasi ya kumtosha mtu mmoja.

Ilionyeshwa Jumamosi alasiri, ukumbini, mapazia yamefungwa. Mkubwa alisimama mwisho wa viti ili awatazame watazamaji. Hakuna aliyelia. Shingo zote zilikuwa zimeelekea upande mmoja wa skrini, kama mimea inavyofuata dirisha. Akafurahi. Akahesabu waliokuwa wakimtazama Mdogo, asimpate hata mmoja.

Taa zilipowashwa, mwuza vitambaa akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Yule mama wa nyuma ni nani?"

"Mama yupi?"

"Yule anayesimama nyuma yake kila mahali. Anayefumba jicho moja."

Mkubwa akasema hakuna mtu kama huyo. Lakini mwongozaji alikuwa amesikia, na njiti ilikuwa imemdondoka mdomoni. Yeye pia alikuwa amemwona.

Tangu siku hiyo Mdogo akaacha kukaa katikati ya chumba. Akila, anakaa kwenye kona. Akipanda ngazi, anapanda kinyumenyume. Kazi alizokuwa akizililia akazikataa, moja baada ya nyingine. Akakonda. Asubuhi moja akamwita dada yake, akainamisha kichwa na kuinua nywele.

"Dada, nitazame shingoni. Pananiwasha."

Kisogoni, juu ya poda aliyokuwa amejipaka usiku kwa sababu ya joto, palikuwa na alama. Duara. Imekamilika, ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa.

Mkubwa aliijua alama ile. Alikuwa akiamka nayo usoni mwake kila siku ya kazi. Ni alama ya ile raba ya mviringo iliyo nyuma ya kamera, unapokandamiza jicho ili uchungulie.

Akaenda kwenye sanduku la kamera. Lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Akafungua. Raba ilikuwa nyeupe kwa poda.

Akaipangusa. Kesho yake, poda. Akaipangusa tena. Poda.

Siku ya nne akapiga magoti mbele ya kiti cha mdogo wake.

"Ni mimi," akanong'ona. "Niliiacha nafasi ile makusudi. Niliona wivu."

Mdogo akamwinamia. "Kwa sababu ya ile nguzo?"

"Kwa sababu ya nguzo."

"Na mimi nilicheka." Akamshika kichwa. "Basi iondoe, Dada. Inapumua."

Mkubwa alifikiri siku nzima. Hatimaye akaona njia moja tu. Nafasi iliyoachwa wazi haifutwi. Hujazwa.

Wakarudi kwenye chumba kile cha ghorofani. Asubuhi, pazia nusu, kiti palepale. Walikuwa wawili tu, na mlango waliufunga kwa ndani. Akaiweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akakaza kila skurubu, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaizunguka kamera, akaenda mbele yake, na kusimama nyuma ya mgongo wa mdogo wake, pale patupu.

"Usigeuke," akanong'ona.

"Sigeuki."

Dakika tano. Hakuna kilichotokea. Mdogo akavuta pumzi, mabega yakashuka. "Imeondoka," akasema, na akaanza kulia, machozi ya kweli, bila taa.

Jioni Mkubwa akautazama mkanda, peke yake.

Picha inaanza sawasawa. Mdogo kitini. Mkubwa nyuma yake, ameijaza nafasi. Picha imetulia kama jiwe.

Dakika ya pili, picha inatikisika. Kidogo. Inapanda, inashuka. Inapanda, inashuka. Miguu mitatu haipumui. Kamera hupumua hivyo ikiwa begani mwa mtu.

Akasogea karibu na televisheni. Kila mpiga picha ana mkono wake, kama mwandiko, na mkono ule aliujua. Ulikuwa wake.

Picha ikaanza kuhama. Polepole. Ikamwacha Mdogo, akatoka pembeni na kupotea. Ikambana Mkubwa upande mmoja. Ikasimama hapo.

Nyuma ya mgongo wake, nafasi tupu. Ya kumtosha mtu mmoja.

Mdogo alipona. Alirudi kuigiza, akaolewa, akazeeka akicheka. Hakuona alama tena. Mkubwa hakushika kamera tena hadi alipofariki, na hakuna aliyepata kumwona kisogo. Alifunga kitambaa mchana na usiku.

Sanduku lilikuja kwangu, pamoja na ufunguo. Mkubwa hakuwahi kujipaka poda maishani mwake. Alijipaka mafuta ya nazi, hadi kisogoni. Huu ni mwaka wa saba tangu afariki. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka, nalifungua sanduku na kuipangusa raba ile kwa kitambaa kikavu.

Nimeipangusa asubuhi hii. Kitambaa hiki hapa. Kina mafuta.