Amplifaya Alizozirudisha Masikio

"Zima," nilimwambia mume wangu. "Nasema zima. Nimechoka kujisikia."

Hakuzima. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake katikati ya sebule, amefumba macho. Mbele yake zilisimama zile spika zake bapa, ndefu na nyembamba kama milango miwili. Kuna mgeni aliwahi kuniuliza mlango ule unaelekea chumba gani. Hazitaki kuegemea ukuta, zinataka nafasi nyuma yake, kwa hiyo makochi yangu yamesukumwa mpaka karibu na jiko. Na ndani ya spika hizo nilikuwa naimba mimi.

Mimi wa zamani. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, na yeye ndiye aliyeturekodi, ndipo tulipopendana. Baadaye nikafanyiwa operesheni ya uvimbe shingoni. Daktari alinionya mapema kwamba sauti inaweza isirudi, na kweli haikurudi. Iliyobaki ni nzito, ya kukwaruza. Nikimpigia simu mtu asiyenijua, ananiita baba.

Tangu anunue spika hizo, kila amplifaya mpya, chombo cha kuzipa nguvu, aliijaribu kwa mkanda huo huo wa kwaya.

"Hii nayo siyo," alisema, akafumbua macho. "Kesho asubuhi namrudishia muuza vyombo."

"Ina nini tena?"

"Haina sauti za juu kabisa. Sauti yako imefunikwa, kama unaimba chini ya blanketi."

Nilishangaa, maana ile noti ya juu ilikuwa imenichoma mpaka kwenye meno. Lakini nani abishane na mtu anayeitwa Masikio? Studio anakofanya kazi hawamjui kwa jina jingine. Wanasema anasikia waya uliolegea kabla haujalegea.

"Ya kwanza nayo ilikuwa na nini?" nilimuuliza.

"Ile ilikuwa ndogo. Spika hizi zinakula umeme. Kwaya ikipanda tu, inazima yenyewe. Si uliona ilivyochemka?"

"Ya pili?"

"Ilififisha."

"Na hii nzito kuliko zote?"

"Inafifisha vilevile."

"Nikuulize kitu, mume wangu. Umenioa mimi, au umemwoa huyo?"

Alinitazama kama hajaelewa.

"Huyo wa kwenye mkanda," nikasema. "Kila jioni unamwita sebuleni, unafumba macho, uso unang'aa. Mimi nikikusemesha unafumbua, sherehe inaishia hapo. Kama sauti hii inakukera, sema. Nimeshalia vya kutosha, siogopi tena."

"Si hivyo, mke wangu."

"Ni vipi, basi?"

Akafumba macho, akaurudisha mkanda mwanzo. Hilo liliniuma kuliko tusi. Niliingia chumbani, nikamwandikia dada yangu: "Dada, nakuja kukaa kwako."

Akajibu papo hapo: "Njoo, mdogo wangu. Chumba kipo. Usije na maelezo, njoo na nguo."

Kesho yake mume wangu alitoka asubuhi na amplifaya, akarudi mikono mitupu, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Mimi nilibandika birika, nikarudi chumbani kukunja nguo. Simu yangu ikaita. Alikuwa rafiki yake, yule muuza vyombo vya muziki.

"Shemeji, Masikio hapokei simu. Kuna amani hapo?"

"Ipo ya kutosha. Sema."

"Hii amplifaya aliyoirudisha haina ugonjwa. Nimeifunga kwenye spika bapa kama zenu hapa dukani. Inazisukuma bila shida, wala haipati joto. Kwa spika zile sina nyingine ya kuizidi."

"Anasema haina juu."

"Haina juu? Shemeji, sasa hivi mteja ameniomba nipunguze, inamtoboa masikio! Huyu ndugu yetu ana nini?"

"Muulize mwenyewe," nikasema, nikakata.

Basi nilipata jibu langu, au nilidhani nimelipata. Chombo kilikuwa kizima. Alichokuwa anakitafuta hakiuzwi dukani, alikuwa anamtafuta yule msichana wa kwaya, na hakuna amplifaya ingemrudisha. Nikafunga zipu ya begi kwa hasira.

Birika likaanza kupiga filimbi jikoni.

Nikajisemea, leo siinuki. Yeye ndiye aliye karibu na jiko, makochi aliyasukuma mwenyewe, aende akazime mwenyewe. Filimbi ikazidi. Ikawa kelele za kuudhi, zile ambazo hata jirani anajua chai imeiva. Hakuna aliyeinuka. Nilitoka chumbani nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia, na yalikuwa makali.

Yakaishia mdomoni. Mume wangu alikuwa amekaa kimya mbele ya spika zilizozimwa. Mlango wa jiko ulikuwa wazi nyuma yake, na birika lilikuwa linapasua hewa. Hakutikisika hata bega. Alikuwa na uso wa mtu aliye peke yake katika nyumba tulivu.

Nikasimama kwenye mlango wa chumba.

"Maji yatakauka," nilisema. Sikupaza sauti, sina ya kupaza.

Aligeuka mara moja.

"Maji gani?"

Nilienda nikazima jiko, nikarudi nikakaa sakafuni mbele yake.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanyie hivyo. Birika limelia mpaka limechoka. Hukulisikia."



"Nimepimwa," alisema. "Sauti za juu ndizo zinazotangulia kuondoka. Filimbi, ndege, kengele ya mlango. Daktari anasema hazirudi."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie nini? Naitwa Masikio. Kwanza nilisema ni spika. Nikasema ni amplifaya. Kila ikija mpya nasema labda hii, labda hii ndiyo itanirudishia. Wewe ulipopoteza sauti nilikuona ulivyolia, na mimi nikalia bafuni usinione. Niliona nyumba hii haiwezi kubeba msiba mwingine."

"Ndiyo maana ulikuwa unamsikiliza kila jioni?"

"Nilitaka kumsikia vizuri mara moja tu, kabla hajaondoka kabisa." Akanitazama usoni. "Sitakudanganya, mke wangu. Naipenda sauti ile."

Iliniuma, lakini ilikuwa kweli, na mimi pia naipenda. Nikataka kuinuka. Akanishika mkono.

"Sijamaliza. Huyo wa kwenye mkanda sasa ni nusu. Akipanda tu, ananipotea. Wewe hunipotei. Kila kitu kinaondoka juu, wewe uko chini. Nikiwa hapa, ukizungumza peke yako kule jikoni, nakusikia."

"Kwa sauti hii ya kukwaruza?"

"Hiyo hiyo. Umesema maji yatakauka, nimegeuka. Birika sikulisikia, wewe nimekusikia."

Nililia. Nililia kilio changu kibaya cha siku hizi, kizito kama cha mwanamume, na kwa mara ya kwanza sikukiziba kwa kanga. Kama anakisikia, basi na akisikie.

Alasiri nilimpigia muuza vyombo. "Shemeji, irudishe ile nzito."

Aliileta kwa tabu, jasho linamtoka, akaifunga, akaweka mkanda, kisha akageuka kwa heshima kama kawaida. "Haya, Masikio, toa hukumu."

Mume wangu alitikisa kichwa.

"Muulize mke wangu. Mimi sisikii vizuri tena, ndugu yangu. Masikio ya nyumba hii sasa ni yake."

Rafiki yake akamwekea mkono begani. Sikujua kwamba mume wangu angeweza kulisema lile mbele ya mtu. Nilimheshimu kuliko siku ya harusi.

Nikasikiliza. Kwaya ilipanda, amplifaya haikutetereka wala kukata, na kila mwimbaji alisikika amesimama mahali pake. Nilimwambia mume wangu kila kitu taratibu, karibu na sikio: yupi yuko kushoto, wapi tumevuta pumzi, lini nakaribia kupanda.

"Sasa anapanda," nilimwambia.

"Ameshanipotea," akasema.

Tangu operesheni sikuwahi kuimba, hata nikiwa peke yangu. Siku ile niliimba. Niliishika noti ile ile, lakini chini kabisa, pale sauti yangu inapofika, nikamsindikiza yule msichana mpaka mwisho wa ubeti. Ilikwaruza. Sikujali.

Mume wangu alifumba macho, na machozi yakamtoka hivyo hivyo.

"Imetimia," alisema. "Nimeisikia yote."

"Nichukue hii?" aliuliza rafiki yake kwa sauti ndogo. "Au inabaki?"

"Inabaki," nikasema.

Simu yangu ikatikisika. Dada: "Nimeshatandika kitanda. Uko wapi?"

Nikamjibu: "Niko kwangu, dada. Tumeshapata amplifaya."