Mito ya Kitanda cha Doto

Wewe mwenye kichanga ndani, hebu nijibu: mwanao umemlaza juu ya nini? Sijauliza chumba gani. Nimeuliza juu ya nini, na pembeni yake umemzungushia nini.

Usinijibu haraka. Nenda kaguse kwanza. Weka kiganja juu ya ule mto laini, usubiri kidogo. Ukiona umetulia, mshukuru Mungu wako, kisha rudi ukae unisikilize.

Naitwa Consolata. Nina digrii ya sosholojia, daraja la upper second, na cheo cha kulishwa na baba yangu hapa Picha ya Ndege, Kibaha. Zile barua za kukataliwa kazi, we regret to inform you, nimepokea nyingi hadi nikaacha kuzifungua. Nchi hii ilinisomesha, halafu ikanitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyejua kuaga. Kazi pekee iliyowahi kukihitaji Kiingereza changu ilikuwa ya mkasi.

Ndiyo, mkasi.

Dada Rahma ana duka la vitu vya watoto kando ya barabara, ila wateja wake wengi wako mtandaoni. Mimi namwandikia maneno ya chini ya picha, napeleka mizigo, na jioni nakaa na mkasi. Kila seti ya kitanda cha mtoto inakuja na kitambaa cheupe kimeshonewa kwenye pindo, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Wateja hawakitaki. Wanasema kinamkwaruza mtoto. Kwenye picha kinaonekana kama uzi uliochomoka. Kwa hiyo: kata.

Nilikuwa nakata huku nasoma. Kiliandikwa wazi kabisa. Usiweke mto kitandani kwa kichanga. Usimzungushie vitu vinene. Risk of suffocation, anaweza kukosa hewa. Nikamsomea dada Rahma. Akacheka, akasema hayo ni ya watoto wa Ulaya wanaolazwa chumba cha peke yao kama wapangaji, wa kwetu yuko na mama yake. Halafu akaniuliza nimekuja kazini au nimekuja kuhubiri.

Nikakata.

Chini ya picha nikaandika: Ulinzi kamili kwa malaika wako.

Mteja mmoja, Salama, aliyasoma maneno hayo akiwa Kisarawe, amejifungua mapacha, Kulwa na Doto. Mzigo wake nilimpelekea mwenyewe, na mwenyewe nikautandika. Kitanda cha mbao, nguzo nguzo, kizuri. Mama mkwe wake, Bi Tunu, alikuwa ameshatandika kabla yangu: mpira wa kuzuia mkojo chini, juu yake kanga kuukuu iliyofuliwa hadi maua yake yakafutika. Basi. Hakuna kingine. Akanieleza kwa upole kwamba kwao kichanga halazwi juu ya kitu kipya, analazwa juu ya kitu kilichozoeana na pumzi za watu.

Mimi, msomi, niliinyanyua kanga ile kwa vidole viwili.

Nikatandika shuka jipya. Nikazungusha bampa, ule mto mrefu wa kufungwa kwenye nguzo, mweupe wenye picha za njiwa. Nikafunga kamba moja moja. Nikaweka mito miwili midogo, wa Kulwa na wa Doto. Salama akauliza mito haitawabana pua. Nikamwambia imetengenezwa kitaalamu.

Kitaalamu. Neno hilo linanichoma koo mpaka leo.

Mwezi haukuisha, dada Rahma akaniita dukani, uso umemkunjamana. Kulwa amekufa. Amelazwa mzima, asubuhi hayupo. Na ukoo umeshampata mbaya wao: Bi Tunu. Kikongwe aliyekasirika kanga yake ilipokataliwa, si anajulikana? Mganga aliitwa, akasema bibi anapita kwenye nafasi za nguzo za kitanda. Doto aliyebaki azibiwe kila upenyo, asiachiwe hata pa kupita sisimizi. Bi Tunu akafungashiwa vitu vyake, akapelekwa kwa ndugu huko Gwata.

"Kwa hiyo wanataka bampa nene kuliko lile," dada Rahma akasema. "Lifike juu kabisa. Na mito ya kujazia. Unapeleka leo."

Sikiliza vizuri. Nilijua. Nikiwa nimesimama pale na mkasi mkononi, nilijua kilichomuua Kulwa, na nilijua kitakachomuua Doto. Nikachukua mzigo.

Kutoka Kibaha hadi Kisarawe ni kuzunguka mjini na kubadili magari. Nilipoanza kupanda kilima kuelekea kwa kina Salama jua lilikuwa limeshalala. Mzigo nimeukumbatia kifuani, uko ndani ya nailoni yake ya dukani, haijafunguliwa. Njia ile ina mikorosho pande zote. Adhana ya magharibi ikasikika kutoka mbali, ikakatika.

Kukawa kimya.

Halafu harufu. Uvumba... na chini ya uvumba, maziwa. Maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo.

Kikongwe alikuwa amekaa kwenye kisiki, miguu mitupu, amejitanda kanga isiyo na maua. Sikumwona akija. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba taratibu, kama mtu aliyekuwa ananisubiri na hana haraka. Giza lilikuwa limeshamla uso.

"Mjukuu wangu," akanong'ona, "umebeba nini?"

"Matandiko, bibi. Ya mtoto."

"Mbona yanahema?"

Nikacheka kile kicheko cha woga. Nikainamisha macho kwenye mzigo.

Nailoni ilikuwa na ukungu.

Kwa ndani.

Ukungu mdogo, wa duara, saizi ya kinywa. Ukafifia. Ukarudi. Ukafifia... ukarudi.

Niliponyanyua uso, kisiki kilikuwa kitupu. Majani makavu ya mikorosho yalikuwa yamenizunguka kila upande, na sikuwa nimesikia hata moja likikanyagwa.

Unaniuliza kwa nini sikuutupa mzigo pale pale nikakimbia? Nilikimbia, lakini mzigo niliubana zaidi. Sijui kueleza. Ungekuwa wewe, kitu kinahema mikononi mwako kama kichanga, ungekitupa chini?

Salama alinipokea mlangoni akiwa na Doto mgongoni, kamfunga kwa kitenge. Alikuwa amekonda. Majirani waliokuwa wakimwita mama Kulwa sasa wanamwita mama Doto, na kila wakimwita naona anachelewa kuitika. Mumewe, Seifu, alikuwa barazani. Akanipongeza kwa kuwahi, akasema leo mtoto atalala ngomeni, na yule bibi akija atagonga ukuta. Alimwita mama yake yule bibi. Alisema huku anaangalia pembeni.

Salama akanipeleka chumbani. Akaniomba nitandike mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua.

Taa ya chumbani ni ile ya mwanga mweupe. Hakuna kivuli cha kusingizia. Kitanda kiko kwenye kona, bampa la njiwa bado limefungwa kwa kamba zangu, mafundo yangu mwenyewe. Doto yuko mgongoni kwa mama yake, namsikia akikoroma kidogo nyuma yangu. Kitandani hamna mtu.

Bampa likatuna.

Likanywea.

Likatuna.

Mahali pamoja tu, upande wa ukutani, alipokuwa akilazwa Kulwa. Njiwa mmoja alikuwa anapanda na kushuka.

Nikasema moyoni ni upepo. Dirisha limefungwa, limezibwa na magunia kwa amri ya mganga. Nikasema ni macho yangu. Nikapeleka mkono. Kitambaa kilikuwa cha moto na kimeloa, na pale kilipoloa kilikuwa kinavuta. Kilivuta ngozi ya kidole changu, polepole, kama mtoto anayetafuta ziwa gizani.

Sikupiga kelele. Nilianza kukata.

Sikuwa hata na subira ya kufungua mafundo. Mkasi wa dukani ulikuwa kwenye pochi yangu, nikakata kamba zote, nikavuta bampa, nikavuta mito, nikavuta lile shuka nene. Nikasokomeza vyote kwenye gunia pamoja na mzigo mpya. Kitanda kikabaki na mpira na godoro gumu. Salama alikuwa ameshika mlango.

"Dada, unafanya nini? Atapita. Mganga kasema atapita kwenye nafasi."

"Acha nafasi zipitishe hewa. Mlaze chali. Usimwekee kitu. Hata mto, hata mdoli, hata kanga ya kumfunika uso. Kama unaogopa mbu mtundikie neti, uichomeke vizuri."

"Kwa nini?"

"Mzigo una kasoro. Ya kiwandani."

Akanitazama. Wale wanaosema mama wa kijijini hajui kitu wangemwona macho yale. Alikuwa anakokotoa. Akamshusha Doto mgongoni, akamkumbatia kifuani, na sauti yake ikawa ndogo sana.

"Kwa hiyo Kulwa..."

Hapo ndipo palikuwa pangu pa kusema. Pale, mbele ya mama yule, penye mwanga mweupe. Sentensi moja tu. Si mama mkwe wako, ni mimi. Nina digrii, nimefanya presentation mbele ya ukumbi mzima, nimemjibu profesa.

"Sijui, mama Doto," nikasema. "Kazi ya Mungu."

Nikambebesha Mungu mzigo wangu, nikachukua gunia, nikatoka. Seifu alinifuata mpaka nje ananifokea, anadai ngome yake. Nilimwambia tu amlaze mtoto kwenye godoro tupu, na kwamba akimzibia tena nitarudi na polisi. Uongo. Polisi ningewaambia nini?

Njia nzima gunia lilikuwa la uvuguvugu mapajani mwangu.

Nilifika Kibaha mvua inanyesha. Kulichoma gunia kusingewezekana, na kuingia nalo kwa baba sikuthubutu. Nikaliacha uani kwa duka, chini ya bati, nikaweka tofali juu yake. Nikajiambia kesho nitalichoma. Kulipokucha nikaona kuna jambo la kulitangulia. Nikaenda Gwata.

Bi Tunu yuko chumba cha nyuma, nyumba ya mpwa wake. Nikabisha hodi nikiwa nimejiandaa kulia. Mpwa wake alinikaribisha, akanionya nisikae karibu sana na kitanda, kwa sababu ya harufu. Miguu ya bibi ilivimba tangu alipoletwa. Kwenda chooni anabebwa.

Chumba kilinuka uvumba. Na maziwa.

Nikapiga magoti sakafuni. Nikamwambia yote: kitambaa cheupe, mkasi, njiwa, mafundo. Nikamwambia Kulwa hakuuawa na mtu wa kwao, alikosa hewa kwenye mto nilioufunga mimi. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akanishika kichwa kama mtoto wake.

"Nilikwambia yanahema," akasema.

Mpwa wake hakusikia, au alijifanya hakusikia.

Nimekuwa nikirudia neno hilo. Mimi ndiye shahidi wa pekee kwamba bibi yule si mchawi. Niko tayari kuapa. Lakini mwanasheria akiniuliza mtu asiyeweza kusimama alifikaje Kisarawe magharibi ile, miguu mitupu, nitajibu nini? Na kama kweli ana namna ya kwenda, basi alikwenda kumkinga mjukuu wake, wakati sisi tusio wachawi tulikuwa tunamletea kifo kwenye nailoni. Nani basi alikuwa mchawi kwenye nyumba ile?

Nilimpigia Salama nikiwa bado uani kwa bibi. Safari hii niliisema ile sentensi. Nilisikia tu pumzi, halafu Doto akalia, mlio mkali wa mtoto mwenye njaa na mapafu mazima. Kisha simu ikakatwa. Kama wamemrudisha Bi Tunu, mimi sijui. Hawapokei tena.

Nilirudi Picha ya Ndege na kiberiti mfukoni. Tofali lilikuwa pembeni. Chini ya bati, patupu.

Dada Rahma alikuwa dukani anapakia mizigo. Nikamuuliza gunia liko wapi. Akanishangaa kwa kuacha mali ya watu ivunde kwenye mvua. Alikuwa amefua kila kitu, ameshona kamba mpya, amepiga picha, amepandisha. Seti zote mbili zimeondoka mchana huo huo. Ile mpya kwa mtu mmoja, ile ya njiwa kwa mwingine. Akaniambia ile ya njiwa ilimsumbua, kuna sehemu moja ilikataa kukauka hata kwa pasi, lakini mteja mwenyewe ameipenda, anasema ina joto fulani la ajabu.

Nikamwambia kila kitu. Akasema nimeanza kurukwa na akili kwa kukosa ajira. Nikamwomba namba za wateja. Akafunga simu yake, akaiweka kwenye sidiria. Kesho yake sikuwa na kazi tena. Fine. Sikuwa nayo kabla, sitakufa kwa kukosa ya mkasi.

Lakini kuna vichanga wawili mahali fulani. Labda Mlandizi, labda Kongowe, labda nyumba ya pili kutoka hapa. Wamelazwa vizuri, wamezungushiwa, na mama zao wamezima taa kwa amani kwa sababu waliyasoma maneno yangu.

Dada Rahma, najua unasoma hapa mtandaoni, unasomaga kila kitu ninachoandika. Sitaki mshahara wangu. Sitaki uniombe radhi. Fungua simu yako sasa hivi, kabla hawajawalaza, uwataje hao akina mama.

Wataje. Umemuuzia nani?