Picha Aliyokabidhiwa Wino

Gunia lilipasukia mbele ya dirisha la mizigo, kituo kikuu cha mabasi, saa nne asubuhi, wakati ambapo kila mtu ana haraka na hakuna wa kumpisha mwenzake. Nguo za watoto zikamwagika sakafuni: vikaptula, vigauni, soksi zilizopoteza wenzao. Karani wa mizigo akachungulia dirishani.

"Kaka, basi linaondoka baada ya robo saa. Na gunia bovu mimi silipokei."

Mwenye gunia alikuwa amepiga magoti anaokota, huku vumbi likimpigisha chafya. Alikuwa kijana mrefu, shati la mistari limekunjwa hadi viwikoni, vidole vyeusi kwa wino kama vya mtoto aliyevunja kalamu.

"Sogea," sauti ya kike ikasema nyuma yake.

Aligeuka akamwona dada mwembamba, gauni la maua ya njano, kitambaa kimefungwa kichwani kwa fundo la pembeni, kovu juu ya nyusi moja. Alikuwa amekwisha kutoa mkobani shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na anapitisha uzi kwenye tundu.

"Wewe hutembea na shazia mkobani?"

"Wewe hutembea na gunia lililooza? Shika hapa. Usivute. Nimesema usivute, wewe vipi!"

Alishona upesi, midomo ameibana. Yeye mwenyewe alikuwa amekuja kutuma sweta za shule. Alikuwa na cherehani yake ya kufuma kwenye kibanda sokoni, na huko wote walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Kijana alisema yeye huchora mabango kwenye duka la uchapaji, na jina lake la kazini ni Wino.

"Na hizi nguo za nani?"

"Za watoto wa shangazi yangu."

"Ana watoto wangapi?"

"Ishirini na watatu."

Sindano akaachama. "Ishirini na... Huyo mumewe hana huruma?"

Wino alicheka hadi gunia likamponyoka. Akaeleza: shangazi yake ni muuguzi mstaafu, mjane, anaishi kijijini mbali. Alianza kwa kuwachukua yatima wawili wa jirani, basi watu wakajua mlango wa kubisha. Hana mfadhili, hana hata kibao barabarani. Ana nyumba yake na wasamaria wanaomkumbuka.

Mkono wa Sindano ulisimama. "Anawamudu wote?"

"Anawajua kwa majina na kwa vikohozi vyao. Usiku mtoto akikohoa chumba cha pili, anakwambia huyo ni nani."

Sindano akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Gunia likapokelewa. Wino akaomba namba ya simu, eti gunia likipasuka tena amjue wa kumlaumu.

Hakungoja gunia lipasuke.

"Haloo, daktari wa magunia?"

"Daktari ana wagonjwa. Sema shida yako."

"Moyo, daktari. Umepasuka pembeni."

"Huo peleka kwa fundi viatu." Lakini alikuwa anatabasamu, na Mama Pacha, jirani yake wa kibanda, alimwona akasema, "Leo cherehani inafuma yenyewe, mwenye mikono hayupo."

Ndivyo yalivyoanza. Chai ya saa kumi ikawa ya wawili. Wino alimpitia kila jioni akiwa na karatasi za mabango kwapani, akamchorea kibanda chake maandishi mekundu yanayosomeka kutoka lango la soko. Sindano naye akaahidi kuwafumia watoto wa shangazi sweta, wote ishirini na watatu.

"Rangi gani? Bluu itafaa, haichafuki," Wino alisema.

"Kila mtoto rangi yake," alijibu, na sauti yake ikawa kali ghafla. "Usiwavishe kama wafungwa. Mtoto anataka kitu ambacho akikiona kwenye kamba anajua hiki changu."

"Umejuaje, mpenzi?"

Hakumjibu siku ile. Alimjibu mwezi wa nne wa mapenzi yao, mchana wa mvua, chumbani kwa Wino, maji yakipiga bati hata ikabidi asogee sikioni. Sokoni walijua yeye ni kitinda mimba wa familia iliyo mbali. Haikuwa kweli. Alikuwa na miaka sita mama yake alipomfikisha kwenye lango la nyumba ya kulelea watoto, akamkalisha kwenye jiwe, akamwambia, "Nisubiri hapa, naenda kununua mkate." Alisubiri hadi jua likazama. Hata mlinzi alipomshika mkono alikataa kuingia, kwa kuhofu mama akirudi asimkute.

"Sijamwambia mtu," alisema. "Hata Mama Pacha."

"Na kwangu neno hili limefika mwisho, laazizi."

Akampa na picha, ile moja tu aliyokuwa nayo, waliyompiga siku ya pili pale: mtoto mwenye kovu juu ya nyusi, gauni limefumuka upindo, ameshika kibao chenye namba. Picha ilikuwa imechanika katikati. Wino alisema kazini kwao wana mashine, ataitengeneza iwe kama mpya. Akaifunga kwenye karatasi laini kana kwamba ni yai.

Mwezi uliofuata Wino aliandaa hafla ya kuchangia nyumba ya shangazi, maana paa lake lilikuwa linavuja na mvua kubwa zilikuwa zinakuja. Alipata ukumbi, alipata wageni, wenye maduka, walimu, watu wa ofisini. Sindano alivaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, akakaa mstari wa pili na Mama Pacha, mapajani ameweka sweta tano za kuwaonyesha watu. Wino alisimama jukwaani, shati jeupe, tai, anapendeza mpaka Mama Pacha akamfinya shoga yake.

Kisha akavuta pazia.

Bango lilikuwa refu kama mlango wa ghala. Mtoto mwenye kovu juu ya nyusi aliwatazama wote, mpasuko umezibwa, macho yameng'arishwa. Chini yake, kwa maandishi mekundu: MAMA ALINIAMBIA NIMSUBIRI, ANAENDA KUNUNUA MKATE.

Wino akasimulia. Alisimulia vizuri, hilo haliwezi kukanushwa. Alisimulia jiwe, lango, jua linazama, mlinzi. Hakutaja jina. Ukumbi mzima ulitoa vitambaa vya kufutia macho. Sindano alikaa kama aliyemwagiwa maji ya barafu, na alichosikia ni Mama Pacha akivuta pumzi, akilitazama bango, akimtazama yeye, akilitazama bango tena.

"Shoga," Mama Pacha alinong'ona. "Hilo kovu..."

Sindano alisimama. Sweta zilianguka, hakuziokota.

Wino alimkuta nyuma ya ukumbi, kwenye ujia wa jikoni. Alikuja anakimbia, uso unang'aa.

"Mpenzi, umeona? Mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi ametoa mabati ya paa zima! Paa zima, Sindano! Sababu yako!"

"Uliniahidi nini siku ya mvua?"

Uso wake ulizimika. "Sikutaja jina. Hakuna anayejua ni wewe."

"Mimi ninajua. Na wewe ulijua."

"Watoto walikuwa wanalowa! Ningefanyaje?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Basi ungekataliwa, Wino! Watu hukataliwa kila siku, hawafi!" Alirudi nyuma hatua moja. "Niliyempa maneno yale ni mwanamume niliyemlalia kifuani. Sikuupa ukumbi."

Akaondoka. Nje jua lilikuwa bado kali, watu wananunua na kuuza, na yeye alitembea hadi kwake bila kujua alipita njia gani.

Wino alipiga simu siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Simu iliita mezani kama kilio cha paka. Lakini siri ni kama maziwa, ikishamwagika haizoleki. Waliokuwa ukumbini walipeana ile picha kwenye simu zao, na haikuchukua siku nyingi soko zima likajua. Waliokuwa wakigombana naye bei sasa walimwita "mwanangu" kwa sauti ya msibani. Mteja mmoja, mama wa watu mwenye moyo safi, alikuja machozi yanamlengalenga, akamwekea juu ya cherehani mkate uliofungwa vizuri kwenye karatasi.

"Nimekuletea, mwanangu," alisema.

Sindano alishukuru. Kisha akafunga kibanda, akaingia chooni, akatapika.

Hata hivyo sweta alizimaliza. Mama Pacha alimwuliza mara mbili kama ana akili timamu. "Sikumwahidi yeye," alijibu. "Niliwaahidi watoto." Akazifunga, akapanda basi la alfajiri, akashuka mchana kwenye barabara ya vumbi, akaulizia nyumba ya muuguzi.

Shangazi alikuwa mama mfupi, mnene, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Sindano alimwamkia, naye akaitikia, akauangalia mzigo, akapiga makofi mara moja. Watoto wakatoka kila pembe. Kwa nusu saa hakukuwa na mazungumzo, ilikuwa ni mikono na vichwa vinavyotafuta tundu la shingo. Ya zambarau ilipata mwenyewe. Ya machungwa ilipata mwenyewe. Mtoto mmoja wa kike aliikumbatia yake bila kuivaa, akakaa nayo kizingitini.

"Unaonekana una neno, mwanangu," Shangazi alisema walipobaki wawili. "Na mpwa wangu simu zake siku hizi ni za mtu anayeumwa."

Sindano akamweleza. Shangazi alivua miwani.

"Alikuja hapa na kamera, mwaka jana," alisema. "Alitaka kuwapiga picha watoto wangu wakiwa wanalia, awaonyeshe watu. Nikamfukuza. Nikamwambia huruma ya watu isinunuliwe kwa aibu ya mtoto, atakua, ataoa, ataolewa, picha itamfuata. Aliniomba radhi. Akasema, 'Shangazi, nimekuelewa.'"

Sindano alihisi kitu kikikatika ndani, kitu kilichokuwa kimebaki kinashikilia. Siku zote hizi alikuwa akijiambia kwamba Wino alikosea kwa kutojua.

"Kwa hiyo alijua," alisema.

"Alijua, mwanangu. Mimi ni shangazi yake, nampenda, lakini sitakudanganya. Alijua."

Kabla ya alasiri lori likaingia uani na mabati mapya. Wino alishuka kutoka kiti cha karibu na dereva. Alikuwa amekonda. Alipomwona Sindano, alisimama kwanza, kisha akaja polepole, akatoa bahasha.

"Picha yako. Bango nimelichoma. Nimerudi kwa wote waliokuja ukumbini, mmoja mmoja, nikawaambia hadithi ile haikuwa yangu kuitoa, na waifute kwenye simu zao. Wengine wamefuta. Wengine wamenicheka." Akaelekeza kidole kwenye lori. "Mwenye mabati nilimwambia ayachukue akitaka. Akasema mvua haijui nani kakosa."

Sindano alipokea bahasha, hakuifungua.

"Naomba nikuoe," Wino alisema. "Najua si wakati wake. Naomba tu."

Watoto walikuwa wanalizunguka lori wakipiga mabati kwa viganja, kelele tupu. Sindano aliitazama mikono ya Wino, ule wino usiotoka hata akioga mara ngapi, na moyo wake ukamwendea kama ulivyozoea.

"Bado nakupenda," alisema. "Usidhani nimeweza kuacha. Lakini nikiwa na wewe nitapima kila neno kabla ya kulitoa. Nitaumwa nikwambie sina kitu. Nitaota nikuambie nililala vizuri. Ndoa ya kuchunga ulimi sitaiweza, Wino."

"Naweza kusubiri."

"Usinisubiri." Alilisema taratibu, akimtazama machoni. "Mtu asisubirishwe ahadi ambayo haipo."

Wino aliinamisha kichwa, akasema, "Nimeelewa," akaenda kusaidia kushusha mabati. Alipomaliza alimuaga shangazi yake, akapanda lori. Hakugeuka, ama aligeuka wakati Sindano ameshafunika uso.

Alilia pale uani, waziwazi, bila kutafuta pa kujifichia. Shangazi hakumwambia nyamaza. Alitoa shuka zilizokuwa zimeanikwa kwenye kamba, akamshikisha ncha mbili, yeye akashika mbili, wakaanza kuzikunja. Zilikuwa shuka nyingi, na walizikunja zote.