Valvu Mbili za Makokha

Wangechi alimaliza kuimba, akafunga mdomo, lakini spika ikaendelea na wimbo kwa neno moja zaidi.

Kiragu, mumewe, alikuwa ameinama nyuma ya amplifaya, bisibisi mkononi. Akainua kichwa. "Umeongeza kitu hapo mwisho?"

"Mimi nimenyamaza kitambo. Si unaniona?"

"Basi ni mwangwi," Kiragu akasema, ingawa kibanda chake cha ufundi pale Kitale kilikuwa cha mabati, kimejaa maredio mpaka juu, na mwangwi haungepata hata pa kupita. Lakini fundi akishaipenda sauti haulizi maswali, na hiyo aliipenda sana.

Amplifaya ilikuwa ya kanisa, ya zamani, aina ile inayotumia valvu, yaani vile vichupa vya kioo vyenye nyaya ndani ambavyo huwaka rangi ya chungwa vikipata moto. Kwa miezi mingi ilikuwa inakwaruza, na kwaya ilipangiwa kurekodi nyimbo zake Jumapili. Kila mtu alimwambia Kiragu kanisa linunue mashine ya kisasa. Yeye alibisha kwamba hakuna kisasa kinachoishinda valvu nzuri kwa sauti yenye nyama, na kwa ubishi huo akatafuta mpaka Mabanga, nje ya mji wa Bungoma, kwa mjane mmoja aitwaye Rispah, ambaye majirani humwita mama Bramwel. Mumewe, Makokha, alikuwa mpiga gita na mwimbaji, na alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Rispah alitoa kabatini valvu mbili zilizofungwa ndani ya soksi, akampa bure.

"Beba tu, fundi. Hapa zinakaa bila kazi."

Sasa, Kiragu hakuwa na mashine ya kupimia valvu. Kipimo chake, tangu waoane, kilikuwa Wangechi. Alikuwa akimkalisha mbele ya maikrofoni aimbe ubeti uleule wa tenzi, mara kumi, mara ishirini, huku yeye akisikiliza na kurekebisha. Alimwoa kwa ajili ya sauti ile na hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu.

Jumanne sauti ilitoka tamu. Jumatano ikawa tamu zaidi, mpaka wanawake waliokuwa wakitoka sokoni wakasimama nje na vikapu vyao. Siku hiyohiyo Wangechi alianza kukwama.

"Koo langu limekauka," alisema. "Wacha nipumzike kidogo."

"Mara ya mwisho tu. Hebu sikia vile inatoka."

Na hapa mimi sina huruma na Kiragu, kwa sababu alisikia. Masikio yaleyale yanayotambua waya uliolegea ndani ya redio yalisikia wazi kwamba kila ubeti ulipopita, spika ilipata kile ambacho mkewe alikipoteza. Akasema mara ya mwisho tu. Kisha akasema tena.

Alhamisi asubuhi Wangechi alitaka kumwambia chai iko tayari, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Hakukuwa na mnong'ono wala kikohozi. Alichukua daftari akaandika: *Sina sauti.* Akafikiri kidogo, akaandika tena: *Kuna mtu anaitumia huko kibandani.*

Mvua ya Kitale haikosi miadi. Ilipofika saa tisa alasiri mawingu yalikuwa yameshuka, kibanda kikawa giza, na Kiragu alisimama mlangoni pamoja na mchungaji Hiram, ambaye Kiragu alikuwa amemwita kwa simu bila kumweleza mengi.

"Umeichomoa?" Hiram akanong'ona.

"Tangu asubuhi. Waya ndio huo chini."

Valvu zilikuwa zinawaka. Haikuwa ile rangi ya chungwa aliyoizoea, ilikuwa buluu iliyoiva, na harufu iliyotoka pale haikuwa ya vumbi lililopata moto bali ya mdomo wa mtu aliyelala njaa siku nyingi, harufu ya pumzi, na pamoja nayo sauti ya Wangechi ikiimba ubeti ule polepole, kwa chini, jinsi mtu anavyoimba akiwa peke yake jikoni, ikaimba mpaka katikati, ikakatika, na chini yake akasikika mwanamume akikohoa mahali pa mbali, kisha sauti ya mkewe ikarudi karibu kabisa na kitambaa cha spika ikasema, "Mara ya mwisho tu."

Kiragu alishika mwimo wa mlango. Hiram aliinua Biblia, akaanza, "Baba yetu uliye mbinguni," na lililofuata lilitoka kwenye spika, kwa sauti ya Hiram mwenyewe, huku midomo ya Hiram ikicheza bure. Mchungaji alijiziba mdomo kwa kiganja, akatoka kinyumenyume mpaka kwenye mvua.

"Hiyo inameza," alisema kwa shida walipofika uani, sauti imepasuka. "Usiongee mbele yake, ndugu. Hata jina la mtu usitaje."

Kufikia Ijumaa haikuwa sauti tu tena. Kifua cha Wangechi kilipanda kidogo na kukwama, midomo ikabadilika rangi, na hospitalini waliangalia koo wakasema ni zima kabisa. Aliandika daftarini, herufi zikipinda: *Nikivuta pumzi, nusu inaenda huko.* Kiragu alisoma akalia mbele yake, akamwomba msamaha, na Wangechi akamsukuma begani aende.

Kiragu alimwachia jirani yao Jerop kazi ya kumwangalia mkewe. Akaingia kibandani amebana mdomo, akazing'oa zile valvu kwa kitambaa chenye maji, akazirudisha ndani ya soksi, akaiweka kifuani chini ya jaketi na kuwasha pikipiki, na njia yote, kupita Kiminini mpaka Webuye na kushuka kuelekea Bungoma, alihisi soksi ile imepata joto juu ya ngozi yake, ikivimba na kunywea, ikivimba na kunywea, na akaogopa hata kupiga honi.

Rispah alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akaingia chumbani akatoka na karatasi iliyokunjwa.

"Baba Bramwel aliandika hii akiwa hawezi kuongea," alisema. "Daktari alisema ni koo. Mimi nikadhani ni homa inaandika."

Kiragu alisoma. *Ndani ya kioo kuna jini. Hana sauti yake. Anachukua ya mtu, halafu pumzi. Mkivunja kioo ataenda. Sauti itakayotoka kwanza itaingia koo la kwanza lililo wazi, lisilo na sauti.*

"Tuvunje sasa hivi, mama."

"Ati sasa hivi? Ngoja. Lazima tujue sauti ya mkeo iko kwa gani."

Amplifaya ya Makokha ilikuwa bado kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Kiragu akaingiza valvu ya kwanza. Walisubiri. Nje kuku alikuwa anapekua majani. Kisha kikasikika kikohozi, na mwanamume akasema taratibu, "Mama Bramwel."

Rispah alikaa sakafuni ghafla.

"Miaka minne," alisema. "Fundi, nilikuwa nimeanza kusahau vile alikuwa ananiita."

"Pole, mama. Pole sana. Lakini wangu anaisha."

"Najua."

Ya pili ilipoingia hawakusubiri. "Kiragu," Wangechi akasema ndani ya spika, akihema. "Kiragu, haraka."

Kiragu aliivuta kwa pupa, akaigonga kwenye bati la amplifaya. "Wacha, utaiangusha," Rispah akasema, naye akazing'oa zote mbili kwa leso yake, akasimama kidogo akiwa amempa mgongo. Alipogeuka alimkabidhi moja.

"Ya kwako ndiyo hii. Anza nayo."

Kiragu aliiweka juu ya jiwe la mlangoni akaipiga nyundo. Kioo kilipasuka kwa mlio mdogo, harufu ile ya njaa ikapita juu ya vichwa vyao na kuisha, na nyuma yake kikatoka kikohozi, halafu kicheko cha mwanamume aliyefunguliwa, kikampitia shavuni kikielekea upande wa Kitale.

Alimtazama Rispah. Rispah hakuinamisha macho.

"Umemsikia alivyoniita," alisema.

Kiragu aliinyakua ya pili mkononi mwa Rispah, akaivunja kwa pigo moja, akasikia jina lake likitajwa na kuondoka. Alibaki amepiga magoti kati ya vipande vya kioo, akihesabu ni muda gani sauti inahitaji kufika Kitale, akimwomba Mungu ile ya mkewe iwe na mbio zaidi.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Wangechi.

"Umepona?" aliuliza kabla hata ya kuisogeza sikioni vizuri. "Wangechi, unapumua?"

"Napumua vizuri sana, fundi," mwanamume akajibu, akakohoa kidogo kusafisha koo. "Mama Bramwel ako hapo karibu? Mpatie simu."

Na nyuma ya sauti hiyo, mbali, mahali kama nje ya nyumba, Kiragu alimsikia mkewe akiita bila kupumzika. "Kiragu, nimefika lakini kuna mtu ndani. Mwambie anifungulie. Kiragu, mwambie."

Rispah alijipangusa mikono kwenye leso, akaichukua simu kutoka vidoleni mwake, akageuka upande wa dirisha.

"Niko hapa, baba Bramwel," alisema. "Umekula?"