Mapokezi ya Pearson

Mzee Eustache alikuwa ameshaondoka.

Kisa alisimama katikati ya ukumbi wa wanaowasili, uwanja wa ndege wa Pearson, Toronto, macho yakiruka kutoka uso hadi uso. Familia zilikumbatiana. Maua. Maputo. Masanduku yenye magurudumu.

Shahidi wake hakuwepo.

Waliruka pamoja kutoka Dar es Salaam, viti tofauti, kama watu wasiojuana. Mzee alipita forodhani salama. Kisa akazuiwa. Alikuwa na pakiti ya dagaa ndani ya begi, zawadi kwa mwenzake, na kwa kuwa aliitaja kama sheria inavyotaka, hakutozwa faini.

Lakini alipelekwa pembeni kukaguliwa.

Dagaa! Alitamani kujizaba kofi.

"Nyaboke," alinong'ona kwenye kifaa kilichofichwa sikioni. "Umempata mzee?"

"Zii. Niko hapa nje na RAV4. Si mlikuwa mnatoka pamoja?"

Kisa alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la wageni. Mhudumu, msichana aliyevaa beji yenye jina Amreen, alimkumbuka mzee mwenye kofia ya pama. Kijana nadhifu alimpokea. Alishika kibao chenye jina la mzee. Alimletea hata koti zito la baridi.

"Walionekana kama baba na mwana," Amreen alisema.

Kisa hakuwa ametuma kijana yeyote.

Eustache alikuwa mpima dhahabu kutoka Kivu. Alijua dhahabu ya magendo ilivyopita Dar es Salaam, na alimjua mtu aliyeimiliki: tajiri aliyekuwa akisubiri kesi yake katika mahakama moja ya jiji hili. Alijua pia nani aliamuru mgodi ufukiwe, vijana wakiwa ndani. Mwanawe Divin alikuwa mmoja wao.

Polisi wa Kanada walitaka kumpokea. Alikataa. Waliofukia ule mgodi walivaa sare. Toka siku hiyo, Eustache hakukaa chumba kimoja na askari. Akakubali kulindwa na Kisa tu, mlinzi wa mashahidi asiyevaa sare.

Na sasa Kisa alikuwa amempoteza.

Milango ya kioo ikafunguka. Baridi ya Februari ikampiga usoni kama kofi la mtu mzima. Akajitupa ndani ya gari.

"Funga mkanda," Nyaboke alisema, tayari amekanyaga mafuta. Alikuwa Mkenya, mwenzake Kisa katika kazi hiyo ya siri hapa Toronto, na jirani zake walidhani kazi yake ni kompyuta. "Una signal yoyote?"

Kisa alifungua iPhone. Kabla ya safari alikuwa amemfundisha mzee mambo machache ya mgeni. Dawa zake akae nazo mkononi. Pasi asimpe mtu. Sandukuni, chini ya bitana, Kisa mwenyewe alishona AirTag, kidude kinachoonyesha kilipo kwenye simu.

Kidoti kilikuwa kikitambaa kwenye ramani.

"Barabara kuu ya Four-oh-one, kuelekea mashariki."

"Wanaenda Markham, hao." Nyaboke alichomoka katikati ya malori mawili. "Jam ya leo ni noma. Shika vizuri."

Chumvi ya barabarani iliruka na kupaka kioo ukungu mweupe. Taa nyekundu za breki zilienea mbele yao bila mwisho. Kidoti kilizidi kwenda. Kisa alikuwa hana bastola. Mgeni haingii Kanada na bastola. Alikuwa na mikono yake, buti za Sorel alizoazimwa na Nyaboke, na hasira.

Simu ikalia.

Namba ya Toronto. Asiyoijua.

"Haloo?"

"Dada Kisa?" Sauti ilikuwa ndogo, imekauka. "Ni miye, Eustache."

Kisa aliinua mkono kumnyamazisha Nyaboke.

"Mzee! Uko wapi?"

"Niko fasi moja ya kahawa. Kwenye choo. Ile kijana alisema wewe ndiye ulimutuma. Nikauliza jina la mama yako, hakujua. Nikamwambia sukari yangu inashuka, tusimame." Alipumua. "Mama moja wa kwetu, Donatienne, anauza hapa. Ameniazima telefone. Namba yako nilikuwa nayo kichwani, kama ulisema."

"Kijana yuko wapi?"

"Nyuma ya mlango. Anaitwa Brice. Ana kitu mufukoni."

"Sanduku lako je?"

"Walitia mu gari ingine."

Kisa alifumba macho. Walikuwa wakifukuza nguo.

Donatienne, aliyeingia naye akijifanya anasafisha choo, akaichukua simu, akataja barabara kwa sauti ya kunong'ona. Downsview, karibu na maghala.

"Geuza!"

Nyaboke alikuwa ameshageuza. Tairi zilipiga yowe kwenye njia ya kutokea. Kwa mkono mmoja akabonyeza tisa-moja-moja, namba ya dharura, akaanza kutoa maelezo kwa Kiingereza cha haraka.

"Polisi wanakuja," alisema. "Ila sisi tuko karibu zaidi."

Mkahawa ulikuwa na wateja wachache: wafanyakazi wa ghala, mama mwenye mtoto. Nyaboke alisimamisha RAV4 nyuma ya Audi nyeusi ya Brice, akaiziba. Kisa akaingia peke yake.

Brice alikuwa amesimama mlangoni mwa choo. Suti safi. Viatu vya ngozi vinavyong'aa. Mkono wa kulia mfukoni.

"Papa, toka sasa," alisema kwa upole. "Tutapata dawa njiani."

Kisa aliagiza kahawa kubwa. Nyeusi. Donatienne alimpa kikombe bila kumtazama.

Kisa akasogea.

"Samahani kaka, humo kuna mtu?"

Kiswahili kile kilimgeuza Brice kabla hajafikiri.

Kosa.

Mkono wake ulipochomoka mfukoni na bastola, Kisa akaumwagia kahawa ya moto. Brice alipiga kelele. Glock ikaanguka sakafuni, na Kisa akaipiga teke mpaka chini ya friji ya soda. Goti lake likafuata, tumboni. Brice akamsukuma, akatimua mbio nje.

Hatua ya kwanza kwenye barafu ilimbeba. Ya pili ikamwangusha chali, puu! kama gunia la viazi.

Kisa alimfuata akitembea. Akambinya chini, mkono nyuma.

"Hujui nani amenituma," Brice alikoroma.

"Namjua. Ndiye aliyekununulia viatu."

Ving'ora vikafika.

Lakini mlango wa choo haukufunguka. Donatienne aligonga. Afisa mmoja wa polisi, mwanamke mrefu, akagonga.

Kisa akaweka paji la uso kwenye mlango.

"Mzee, ni mimi. Kisa."

"Kuna maaskari hapo?"

Angeweza kumdanganya. Ingekuwa rahisi.

"Wapo, mzee. Wengi. Na wana sare."

Ndani, komeo lilisogea nusu, likarudi.

"Nimesimama mbele yao," Kisa alisema. "Hakuna atakayekusogelea kabla hujanishika mkono."

Kitasa kikalia. Mkono wenye mishipa ukatoka kwanza. Kisa akaushika, wakatembea pamoja katikati ya sare hadi garini. Mzee aliangalia mbele tu. Hakurudi nyuma.

Kesho yake asubuhi, mahakamani, tajiri wa dhahabu alikaa akichezea saa yake ya Rolex. Alikuwa ameahidiwa kwamba shahidi hatafika.

Eustache alisimama.

"Ninaitwa Eustache," alisema, na mkalimani akafuata. "Mimi ni baba ya Divin."

Tajiri aliacha saa.

Kisa akainuka, akavaa glavu.

"Hungoji amalize?" Nyaboke alinong'ona.

"Hanihitaji tena."

Nje theluji ilikuwa imeanza, nyepesi, ikianguka bila haraka. Mume na mke wenye kamera, wageni waliopotea, walimsimamisha na kumuuliza njia ya CN Tower.

Kisa alionyesha kusini, mnara ulipochomoza juu ya mapaa.

"Fuateni barabara hii," aliwaambia kwa Kiingereza. "Na fungeni makoti."

Akashuka ngazi za treni ya chini ya ardhi, wala hakugeuka.