Kisima Kwenye Theluji

Magharibi ya tarehe tisa Novemba, mimi na mdogo wangu Safia tulikwenda kuchukua picha sita za kuchorwa. Mteja wake wa Unguja, mwenye hoteli, alitaka mandhari za Ulaya zisizo na sura za watu. Karakana ya wachoraji ilikuwa ghorofa ya tano, nyuma ya maduka ya nguo ya barabara ya Guangyuan Xilu, huku kwa Wachina. Lifti ilikuwa mbovu. Harufu ya mafuta ya rangi ilitupokea ngazini.

Mzee Liang, mwenye karakana, tuliyemwita Laoban, yaani bosi, alikuwa amenakili kazi za Joos Verhame, mchoraji wa kale wa Flandria, Ulaya.

"Miaka ishirini alichora mashamba na theluji tu," alisema. "Watu walichorwa na nduguye. Nduguye alipokufa, akaanza kuwachora mwenyewe: walevi, wachuuzi, wachota maji. Akasifika. Lakini kila aliyemchora alipotea. Mkewe. Wanawe wawili..."

Akashusha sauti.

"Niliwaambieni tusiwatoe watu pichani. Mahali pao hapakai patupu."

Safia akacheka. "Laoban, hadithi hiyo ndiyo unayopandishia bei? Mteja hataki sura, basi. Dada, kagua hizo tano, mimi nikaione ile ya kisima."

Akaingia chumba cha nyuma.

Nikasikia viatu vya mbao, si vya Safia, kwenye sakafu ya saruji. Ko... ko... ko...

"Safia?"

Nikamfuata ndani.

Chumba kile hakikuwa na mlango mwingine, wala dirisha. Simu yake ilikuwa sakafuni, inawaka. Picha ya kisima iliegemezwa ukutani. Kando ya kisima, kwenye theluji, alisimama mwanamke aliyevaa buibui, ametupa kisogo. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo, kama la Safia tangu alipovunjika akiwa na miaka saba.

Nikamgusa.

Rangi ilikuwa mbichi.

Liang alinipa kitambaa chenye tapentaini, dawa ya kuyeyushia rangi. "Ukimfuta, labda atatoka," alinong'ona. "Labda atafutika kabisa. Verhame mwenyewe hakuthubutu kujaribu. Amua kabla rangi haijakauka."

Mimi ndiye ninayeandika vizazi na vifo vya familia yetu. Sijawahi kukosea tarehe.

Siku tatu nilikaa mbele yake, kitambaa mkononi. Mama alipiga simu mara tisa. Mara moja nilikisogeza karibu, bega likashtuka... au ni kivuli cha mkono wangu.

Nikakirudisha.

Siku ya nne nilijikaza. Nikapiga bismillahi, nikampangusa.

Kitambaa kilitoka cheupe: rangi ilikuwa imekwisha kukauka.