Harufu ya Dawa ya Bibi

Bibi alikuwa ameshazikwa, lakini chumba chake kilianza tena kunuka dawa yake ya kisukari, ile harufu kali kama ya plasta mpya.

Dada, ambaye alikuwa muuguzi, alidhani ni pua yake tu. Alifungua dirisha, harufu ikagoma kutoka. Mdogo wake, waliyembandika jina la Chiriku kwa kupenda kuongea, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha bibi, kimya, jasho likimchuruzika siku ya baridi.

"Nani huyo nyuma yako?" Chiriku aliuliza.

Nyuma ya dada kulikuwa na ukuta.

Kisha Chiriku akaanguka, akaanza kuongea kwa sauti ile ile ya bibi, mpaka kikohozi. Dada akamnywesha maji ya sukari. Sauti ikakatika.

Baba yao, dereva wa lori, aligeuza gari safarini alipopata habari. Alimpakata Chiriku kama mtoto mchanga. "Jini gani hili linamwandama mwanangu?" Mganga alikuja, akafukiza, akaenda zake. Jini likarudi baba alipowasha lori. Ikawa ndiyo desturi yake: lori likiwaka, Chiriku anaanguka.

Hospitalini, Chiriku akiwa bado anatetemeka, daktari alimtoa damu kabla ya kumtundikia dripu ya sukari. Majibu yalipotoka aliwaita pembeni.

"Mwili ukitengeneza wenyewe insulini, ile inayoshusha sukari, huacha alama kwenye damu. Hapa insulini imejaa, alama hakuna. Imetoka kwenye chupa, kwa sindano. Msimgombeze, haya ni maradhi. Ondoeni dawa nyumbani, asikae peke yake, na aonane na daktari wa akili."

"Chupa za bibi," dada alinong'ona. "Bado zipo kwenye friji."

Baba alikuwa ameshamgeukia binti yake. "Kumbe unanichezea shere! Mimi nakesha barabarani, wewe unajidunga sindano?"

"Baba, usiondoke."

"Niache! Jini la kuigiza halinishiki mguu."

Akaondoka na lori lake.

Nyumbani, dada alimwacha Chiriku kwa jirani, akakusanya chupa na sindano zote, akazirudisha hospitali. Aliporudi alikaa na mdogo wake kwenye kitanda cha bibi, akamshika mikono yote miwili.

"Hakuna kitu tena humu, Chiriku wangu."

"Baba atarudi?"

"Atarudi. Hasira zake moto wa mabua."

Ndipo harufu ikapanda kutoka chini ya godoro, ikajaa puani, ikajaa kooni, na dada, akiwa bado ameikamata mikono ile miwili, akaona gauni la mdogo wake linabonyea tumboni, kidogo tu, kama kitambaa kinapoguswa na ncha ya sindano, na tone la damu likachipuka pale pale, na viganja alivyovishika vikaanza kulowa na kupoa.

"Umejidunga saa ngapi? Sema, mdogo wangu!"

"Sijawahi kujidunga, dada," Chiriku alisema kwa shida. "Mimi nilikuwa namfungulia friji tu."

Dada alimpigia jirani kelele alete gari. Akachota maji ya sukari, lakini meno ya Chiriku yalikuwa yamekaza, maji yakamtiririka kidevuni. Kutoka nyuma ya meno yale, sauti ya upole ikasema:

"Mwache alale, mjukuu wangu. Huku kwetu hakuna anayeachwa peke yake."